Thamani ya Dawa na Mfuko wa Taifa

Mali ya mtu mmoja ina mwisho, na mali ya taifa ina mwisho vilevile. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini ni zito kulitenda, hasa pale fedha inapokutana na maradhi. Mgonjwa aliye mbele ya tabibu hutaka dawa iliyo bora kuliko zote, wala hapana awezaye kumlaumu. Lakini dawa hiyo ikiwa hununuliwa kwa kodi ya watu wote, swali la pili huzuka mara moja: je, fedha itakayotumika kwa mgonjwa huyu isingeweza kufanya jema kubwa zaidi kwa mgonjwa mwingine? Katika insha hii, msomaji, nitakueleza jinsi swali hilo lilivyokuja kuulizwa juu ya ugonjwa mmoja, nao ni kisukari cha aina ya pili kwa watu wenye unene uliopita kiasi. Nitakupeleka hasa Uingereza, kwa kuwa huko ndiko lilikoulizwa waziwazi na kujibiwa kwa hesabu. Ukiisha kusoma, utapima mwenyewe kama hesabu hizo ni za haki.

Kisukari ni ugonjwa wa kale. Waganga wa Bara Hindi walitambua zaidi ya miaka 1,500 iliyopita kwamba mkojo wa wagonjwa fulani huwa mtamu kama asali na huvuta sisimizi. Waliona pia kwamba baadhi ya wagonjwa hao ni wembamba na hupatwa wakiwa vijana, na wengine ni wanene. Katika karne ya pili baada ya Kristo, tabibu Aretaeus wa Kapadokia aliueleza ugonjwa huu kuwa ni kuyeyuka kwa mwili ukatoka kwa njia ya mkojo. Hata hivyo, sababu yake haikujulikana kwa muda mrefu sana. Mwaka 1889, katika mji wa Strasbourg, Oskar Minkowski na Josef von Mering walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akashikwa na kisukari. Ndipo ilipodhihirika kwamba kongosho hutoa kitu kinachotawala sukari ya mwili.

Kitu hicho ni insulini. Ilipatikana mwaka 1921 katika Chuo Kikuu cha Toronto, nchini Kanada, kwa kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na J. J. R. Macleod. Mwezi wa Januari 1922 ilidungwa katika mwili wa mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, aliyekuwa amedhoofu mno, naye akapata nafuu. Mwaka 1923 wavumbuzi walikiuzia chuo chao haki ya hataza kwa dola 1 kila mmoja. Walifanya hivyo ili mtu yeyote asijimilikishe dawa hiyo na kuiuza kwa bei apendayo. Likumbuke tendo hili, msomaji, maana tutakutana tena na habari ya bei.

Insulini iliwaokoa vijana wembamba ambao kongosho lao limekoma kufanya kazi. Lakini si wagonjwa wote walio hivyo. Mwaka 1936, tabibu Harold Himsworth wa London alionyesha kwamba wako wagonjwa ambao miili yao huitikia insulini kwa upesi, na wako wengine ambao miili yao huitikia kwa uzito. Hawa wa pili, walio wengi kupita wale wa kwanza, ndio tunaosema wana kisukari cha aina ya pili. Miili yao haikukosa insulini tangu mwanzo, bali haiisikii vema. Mafuta yanapozidi mwilini, na hasa yanapojaa katika ini na kongosho, usikivu huo hupungua na kongosho huchoka. Kwa hiyo uzito na kisukari hiki ni majirani wanaoishi ukuta mmoja, ingawa wako wanene wengi wasio na kisukari na wembamba walio nacho.

Hapa ndipo ilipoanza taabu ya matabibu. Mgonjwa mnene akipewa insulini, sukari hushuka lakini uzito huelekea kupanda, nao uzito ndio mmojawapo wa mizizi ya ugonjwa. Vidonge vingine vya zamani vilikuwa na kasoro iyo hiyo. Ilitakiwa dawa itakayoshusha sukari bila kuongeza mwili. Dawa ya namna hiyo ilitoka katika nasaba ya mmea mmoja wa Ulaya, Galega officinalis, uliotumika katika uganga wa kienyeji. Tabibu wa Kifaransa Jean Sterne aliitangaza mwaka 1957, na jina lake ni metformini.

Kwa miaka mingi metformini haikusifiwa sana. Mwaka 1977 Waingereza walianza uchunguzi mkubwa katika hospitali 23, uliowafuata wagonjwa 5,102 wa kisukari cha aina ya pili. Matokeo yalitolewa mwaka 1998. Miongoni mwa wagonjwa wenye uzito uliozidi, wale 342 waliopewa metformini walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 36 wakilinganishwa na wale waliotibiwa kwa njia ya kawaida, yaani kwa mashauri ya chakula hasa. Kisha wataalamu wa uchumi wakafanya hesabu, wakaona jambo la ajabu: dawa ile haikugharimu, bali iliokoa fedha. Kidonge chake ni cha bei ndogo, na mgonjwa aliyekinywa alihitaji hospitali mara chache zaidi. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Metformini ilikuwa udongo wa kuziba ufa.

Lakini metformini haipunguzi uzito ila kidogo. Watu walitamani dawa ya kupunguza mwili wenyewe, na historia ya tamaa hiyo ni ya kuhuzunisha. Mwishoni mwa karne ya 19 watu walipewa dondoo la tezi ya shingo, nalo likaidhuru mioyo. Mwaka 1933 huko California ilitangazwa dawa iitwayo dinitrofenoli, iliyouchoma mwili kama tanuru. Wengi walikonda kweli, lakini wako waliopofuka kwa mtoto wa jicho na wako waliokufa kwa joto la mwili. Mwaka 1938 sheria mpya ya Marekani ikaikomesha. Mwaka 1997 fenfluramini iliondolewa kwa kuwa iliharibu vali za moyo. Rimonabanti iliruhusiwa Ulaya mwaka 2006, ikasimamishwa mwaka 2008 kwa kuwa ilileta huzuni kubwa na mawazo ya kujiua. Sibutramini nayo ikaondolewa mwaka 2010 kwa ajili ya hatari ya moyo na kiharusi.

Mafunzo ya habari hizo ni mawili. La kwanza ni kwamba gharama ya dawa si fedha peke yake, kwa maana jicho lililopofuka na moyo ulioharibika vimo katika hesabu. La pili ni kwamba kupungua kwa uzito si mwisho wa safari. Mizani ya kupimia mwili inaweza kusema kilo zimeshuka, hali mtu mwenyewe yuko hatarini. Dawa yatupasa kuipima kwa maisha inayoyaongeza na mateso inayoyaondoa.

Sasa tuitazame mizani ya namna nyingine, ambayo Waingereza waliiunda taratibu. Tarehe 5 Julai 1948 walifungua Huduma ya Taifa ya Afya, ambayo kila mtu angetibiwa humo bila kulipa mlangoni. Wengi walidhani ya kuwa watu wakiisha kutibiwa maradhi yao ya zamani, gharama ingepungua. Haikuwa hivyo. Mwaka 1951 serikali ilipoamua kutoza malipo ya meno ya bandia na miwani, Aneurin Bevan, aliyeiasisi huduma hiyo, alijiuzulu uwaziri kwa kukataa. Mwaka uliofuata, kila karatasi ya dawa ilitozwa shilingi 1. Hivyo ikafahamika mapema kwamba neno bure halina maana ya bila gharama. Yuko anayelipa, na anayelipa ana kikomo.

Je, nani akose, na kwa sababu gani? Kwa miaka mingi jibu halikuwa la wazi. Wengine walikosa kwa kungoja foleni, wengine kwa kukaa wilaya yenye fedha kidogo, na wengine kwa kutojua la kudai. Mwaka 1985 Alan Williams, mwalimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha York, alichapisha hesabu kuhusu upasuaji wa mishipa ya moyo. Alitumia kipimo kinachounganisha urefu wa maisha na ubora wake. Mwaka mmoja wa afya kamili huhesabiwa 1. Mwaka mmoja wa maisha ya taabu, ambayo watu huyaona kuwa na nusu ya thamani ya afya, huhesabiwa nusu. Kifo ni 0. Kwa kipimo hicho tiba ya moyo, tiba ya nyonga na tiba ya figo zaweza kuwekwa juu ya meza moja na kulinganishwa.

Mwaka 1999 Uingereza iliunda taasisi ijulikanayo kwa jina la NICE, ili itoe hukumu juu ya dawa kwa niaba ya umma. Mwaka uo huo ilikataa dawa moja mpya ya homa ya mafua, na kampuni iliyoitengeneza ikaghadhibika. Kwa zaidi ya miaka 20 taasisi hiyo ilishika kanuni hii: dawa inayonunua mwaka mmoja wa afya kamili kwa pauni 20,000 au pungufu ilikubaliwa kwa kawaida, kati ya pauni 20,000 na 30,000 ilihitaji sababu za ziada, na juu ya hapo ilihitaji sababu zenye nguvu sana.

Nakuomba uchukue kalamu, msomaji, tufanye hesabu ya kubuni. Tuseme dawa mpya ya kisukari, katika maisha yote ya mgonjwa, inazidi dawa ya zamani kwa gharama ya pauni 6,000. Tuseme pia inamwongezea mgonjwa sehemu 0.3 ya mwaka wa afya kamili, kwa kuwa ataishi muda mrefu kidogo na macho na figo zake zitadumu. Gawanya 6,000 kwa 0.3, utapata 20,000. Dawa iko ukingoni. Sasa tuseme kwamba dawa hiyo inazuia pia matibabu ya hospitali yenye gharama ya pauni 3,000. Gharama halisi iliyozidi itakuwa pauni 3,000 tu, na ukigawanya utapata 10,000. Dawa iyo hiyo imekuwa ya thamani mara mbili. Angalia kwamba hatukuuliza kama dawa ni ghali au ni rahisi. Tumeuliza inaleta nini kwa kila pauni inayotumika. Dawa ya bei kubwa yaweza kuwa na thamani, na dawa ya bei ndogo isiyofaa kitu ni hasara tupu.

Dawa iliyoijaribu sana mizani hii ilitoka mahali pasipotarajiwa. Katika majangwa ya kusini-magharibi ya Marekani na ya Meksiko huishi mjusi mkubwa mwenye sumu, aitwaye Gila. Mwaka 1992 tabibu John Eng wa New York alitoa habari ya kitu alichokipata katika sumu hiyo, kinachofanana na homoni ya utumbo wa binadamu. Homoni hiyo hutolewa tukiisha kula. Huliamsha kongosho litoe insulini, hupunguza mwendo wa chakula tumboni, na huuambia ubongo kwamba tumeshiba. Homoni yetu huvunjika baada ya dakika chache, lakini ile ya mjusi hudumu. Kutokana nayo ikatengenezwa exenatidi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2005. Kwa mara ya kwanza wagonjwa wa kisukari walipata sindano iliyoshusha sukari na kupunguza uzito pamoja.

Mwaka 2009 NICE iliamua juu ya dawa hiyo. Iliiruhusu hasa kwa wagonjwa wanene ambao vidonge vya kawaida vimeshindwa kuwasaidia, na ambao uzito wao kwa kimo umefika 35 au zaidi. Kipimo hicho hupatikana kwa kugawanya kilo za mtu kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 90 hupata 35 na ushei. Kisha likawekwa sharti: baada ya miezi 6, mgonjwa angeendelea kupewa dawa ikiwa tu kipimo chake cha sukari ya muda mrefu kimeshuka kwa pointi 1 ya asilimia, na uzito wake umepungua kwa asilimia 3.

Litafakari sharti hili. Mgonjwa wa kilo 110 alitakiwa apungue kilo 3.3. Aliyepungua kilo 3.5 na kushusha sukari aliendelea. Aliyeshusha sukari vizuri lakini akapungua kilo 2 tu, kwa mujibu wa maandishi, dawa yake ilipaswa kukomeshwa. Wako waliosema kwamba huo ni ukatili. Wengine walijibu kwamba fedha ikiendelea kutumika kwa asiyefaidika, yuko mwingine atakayeikosa naye angefaidika. Mimi naona kila upande una sehemu ya haki. Sharti lenyewe lilikuwa la busara, kwa kuwa dawa ijaribiwe kwa matunda yake. Lakini mstari wowote unaochorwa katikati ya watu huwaacha wawili walio karibu sana upande huu na upande huu, na atakayeuchora hana budi kuwatazama wote wawili machoni.

Baada ya exenatidi zikafuata dawa zenye nguvu zaidi. Liraglutidi, iliyotoka Denmark, iliruhusiwa Ulaya mwaka 2009. Mwaka 2016 uchunguzi wa wagonjwa 9,340 ulionyesha kwamba ilipunguza mashambulio ya moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa asilimia 13. Semaglutidi iliruhusiwa Marekani kwa kisukari mwaka 2017 na kwa uzito mwaka 2021, na tirzepatidi ikafuata mwaka 2022 kwa kisukari na 2023 kwa uzito. Katika uchunguzi mmoja wa watu 1,210 wenye uzito uliozidi na kisukari cha aina ya pili, waliodungwa semaglutidi walipungua asilimia 9.6 ya uzito wao kwa majuma 68, na waliodungwa maji yasiyo na dawa asilimia 3.4. Watu wasio na kisukari, katika uchunguzi mwingine wa muda uo huo, walipungua asilimia 14.9. Basi mwenye kisukari hupungua kilo chache zaidi. Lakini usifanye haraka kusema kwamba kwake dawa ina thamani ndogo, maana yeye hupata faida mbili: hupungua uzito, na sukari yake hushuka. Tena ana mengi ya kupoteza: macho, figo, miguu na moyo.

Hapa sasa inakuja habari ya bei. Mwaka 2023 bei iliyotangazwa ya semaglutidi ya kisukari kwa mwezi mmoja ilikuwa dola 936 huko Marekani, dola 93 Uingereza, na dola 83 Ufaransa. Dawa ni moja, kiwanda ni kimoja, ugonjwa ni mmoja, na bei ni mara kumi. Mwaka 2024 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao walikadiria kwamba dawa ya mwezi mmoja ingeweza kutengenezwa na kuuzwa kwa faida ya kiasi kwa dola 0.89 hadi 4.73. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba dawa hii haina thamani ya gharama yake, muulize: kwa bei ipi, na katika nchi ipi? Bei si kama uzito wa jiwe, ambao hauna aliyeuamua. Bei huwekwa na watu, na watu waweza kuibadili. Uingereza hupata bei ndogo kwa sababu inanunua kwa mdomo mmoja na ina mizani inayoweza kusema hapana.

Marekani haikuwa na mizani ya namna hiyo. Sheria yake ya mwaka 2003 ilizuia bima ya wazee kulipia dawa za kupunguza uzito. Kwa sababu hiyo, kwa miaka mingi, mzee mnene mwenye kisukari alilipiwa semaglutidi, na jirani yake mnene asiye na kisukari hakulipiwa dawa iyo hiyo. Huko huko, insulini ambayo haki yake iliuzwa kwa dola 1 ilipata jamaa wapya wenye hataza zao. Chupa moja ya aina iitwayo Humalog ilitangazwa kwa dola 21 mwaka 1996, na mwaka 2019 ilikuwa imefika dola 275 hivi. Mahali pasipo na mizani, mtu huponywa na mfuko wake, na asiye na mfuko hungoja.

Lakini hata mizani ya Uingereza haikumaliza taabu. Mwezi wa Machi 2023 NICE iliikubali semaglutidi kwa kupunguza uzito, lakini kwa muda usiozidi miaka 2. Ilikwisha kuonekana kwamba watu waliokatiza dawa walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza katika mwaka mmoja. Unene uliopita kiasi, kama kisukari chenyewe, ni ugonjwa wa kudumu, na dawa ya kudumu ina gharama ya kudumu. Mwezi wa Desemba 2024 tirzepatidi nayo ilikubaliwa, safari hii bila kikomo hicho. Kwa hesabu ya kila mtu mmoja mmoja, thamani yake ilitosha. Lakini watu waliostahili walikadiriwa kuwa milioni 3.4, na kuwapa wote kwa mara moja kungemeza fedha na nafasi za matabibu. Ikaamuliwa wapewe kwa zamu, katika muda unaoweza kufika miaka 12, na watu 220,000 hivi katika miaka 3 ya kwanza. Walioanza, mwezi wa Juni 2025, ni wale wenye kipimo cha 40 au zaidi na maradhi yasiyopungua 4 yatokanayo na uzito, na kisukari cha aina ya pili ni mojawapo.

Hili ndilo jambo ambalo napenda ulishike kuliko mengine yote. Thamani ni kitu kimoja, na uwezo wa kulipa ni kitu kingine. Shamba laweza kuuzwa kwa bei ya haki kabisa, na bado mnunuzi akawa hana fedha mkononi. Hesabu ya mwaka wa afya humwambia mtawala kwamba dawa inafaa kununuliwa. Haimwambii atapata wapi fedha ya kuwanunulia watu milioni 3.

Wala tusisahau kwamba dawa siyo njia pekee. Mwaka 2017 matabibu wa Scotland na kaskazini ya Uingereza walitoa habari ya watu wenye kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka 6, waliopewa kwa miezi kadhaa chakula maalumu cha kalori 850 hivi kwa siku, chini ya uangalizi. Baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 hawakuwa na kisukari tena bila ya dawa. Katika wale waliotibiwa kwa kawaida walikuwa 4 tu. Baada ya miaka 2 idadi ilishuka ikawa 36 katika 100. Njia hii ni ya gharama ndogo, lakini inataka msaada wa watu na subira. Asitokee mtu akaigeuza kuwa fimbo ya kuwachapia wanene, akisema kwamba wangalikula kidogo yangalikwisha. Njaa ni amri ya mwili, na ndiyo maana homoni ndogo ya utumbo iliweza kutenda yale ambayo karipio la miaka mingi halikuweza.

Pengine wasema, msomaji, kwamba haya ni mambo ya Ulaya. Tabibu Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda tangu mwaka 1929 kwa miaka kama 30, aliona mwanzoni kwamba unene na kisukari ni nadra sana kwa Waafrika wa nchi hizi, kisha akaona vinaanza kutokea. Mwaka 1960 alitoa kitabu juu ya maradhi yasiyoambukiza katika Afrika. Kilichoanza wakati ule kimekua. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 uliona kwamba watu wazima 27 katika kila 100 wana uzito uliozidi, na kwa wanawake ni 38 hivi. Tena kanuni za Uingereza zenyewe zashusha kipimo cha uzito kwa pointi 2.5 kwa watu wa asili ya Afrika na Asia ya Kusini, kwa kuwa hatari huwafikia mapema zaidi.

Mwezi wa Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza semaglutidi, liraglutidi, dulaglutidi na tirzepatidi katika orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili wenye unene uliopita kiasi pamoja na maradhi ya moyo au figo. Tangu Oktoba 2024 Kenya ina mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Siku itafika ambapo watu watakaa mezani na kuuliza kama mfuko wetu ununue dawa hizi, kwa bei ipi, na kwa wagonjwa gani kwanza. Hawatakuwa wakichagua kati ya dawa na kutokuwa na dawa, bali kati ya sindano hizi na metformini kwa wengi zaidi, au mashine za figo, au chanjo za watoto.

Pengine wewe utakuwa mmoja wao. Ukiwa hapo, usiogope hesabu, kwa maana asiyehesabu huchagua vilevile, ila huchagua gizani, na gizani mwenye sauti kubwa ndiye apatae. Lakini usiiabudu hesabu. Uliza faida ya dawa kwa ukweli wote, uliza madhara yake, na uliza bei yake na aliyeiweka. Mwisho uliza ni nani atakayekosa, nawe uwe tayari kumweleza sababu mbele ya uso wake. Ukiweza kufanya hivyo bila ya kuona haya, hukumu yako itakuwa karibu na haki.